Nilingoja Ndege Ipite

Mama yangu alifuma vitambaa katika Eneo la Viwanda la Thika tangu kabla sijazaliwa hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini, kiwanda chao kilipoanza kupunguza watu. Alipopunguzwa alinunua ploti Gitothua, upande wa Ruiru, akajenga nyumba ya mawe yenye vyumba viwili na paa la mabati. Tulihamia pale sisi wawili, mimi nikiwa na miaka ishirini na miwili. Baba alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye mtoto pekee, jambo ambalo mama alinikumbusha kila aliponituma dukani.

Sisi ni watu wa Majengo, Thika, Waislamu wa damu iliyochanganyika kiasi kwamba ukiuliza babu alitoka wapi, kila shangazi anakutajia nchi yake. Majengo kila mtu alikuwa amepanga, na kikohozi cha jirani ulikijua kama chako. Mama alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na lango lake na ufunguo wake. Siku ya kwanza alilifunga na kulifungua mara kadhaa bila sababu yoyote. Nayasema haya mapema ili nitakapofika mahali anapokataa kuondoka, mtu asimwone mkaidi bure.

Kitu ambacho hatukukiona siku tuliyokwenda kuangalia ploti kilikuwa juu. Tulikwenda Jumapili alasiri, na Jumapili alasiri Gitothua ilikuwa kimya. Baada ya kuhamia ndipo tulipozisikia ndege. Asubuhi pikapu za miraa zilishuka barabara ya Thika kwenda Nairobi, mbio ambazo zilifanya watu waruke mtaroni, na baada ya saa chache miraa ileile ilirudi ikipita juu ya nyumba yetu, safari hii ndani ya ndege, ikielekea Somalia. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa. Zilipita na nyingine kubwa zenye matumbo, ambazo watu walisema zinapeleka chakula kwenye vita. Zilipita zikiwa bado zinapanda, na mabati yetu yalitetemeka mpaka vikombe vikagongana kabatini.

"Mtazoea tu," alituambia jirani yetu, mama wa Kikuyu aliyelima sukuma wiki na kufuga ng'ombe mmoja. "Hata ng'ombe yangu imezoea. Siku hizi haiachi hata kutafuna."

Mama alicheka. "Unaniambia mimi habari ya kelele? Mimi nimekaa chumba kimoja na mashine mia moja."

Hilo likawa neno la mtaa. Ndege ikipita, watu waliziba masikio kisha wakamwonyesha mama kidole: yule pale amekaa tu. Masikio yake yalikuwa yameisha nusu kule kiwandani. Aliongea kwa sauti ya juu, alitazama midomo ya watu, na mimi nilimsalimia kwa kupiga kelele kutoka langoni ili asishtuke. Tuliamini wote, na mimi nikiwa wa kwanza, kwamba kama kuna mtu ambaye ndege zile hazimwezi, ni yeye.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikisikia mlango umefungwa kwa nguvu nawaza nani ameanguka. Labda ndiyo maana nilipenda kazi yangu, maana pale wasiwasi wangu ulikuwa na manufaa: nilikuwa msaidizi wa muuguzi katika kliniki ndogo ya Ruiru. Muuguzi mkuu, mwanamke mtu mzima tuliyemwita Sista, ndiye aliyenifundisha kupima presha. Siku zile ilikuwa mashine ya zebaki. Unamfunga mgonjwa kitambaa mkononi, unapampu kipira mpaka zebaki ipande, kisha unaiachia ishuke polepole huku ukisikiliza mshipa wa kwenye kiwiko kwa ile mipira ya masikioni. Mdundo ukianza unasoma namba ya juu, ukipotea unasoma ya chini.

"Kila kitu kiko kwa masikio," Sista aliniambia. "Mgonjwa akae, apumzike dakika tano, asiongee. Na chumba kinyamaze. Usipime kwa kelele, utaandika uongo."

Nililishika neno hilo kama sala.

Mwaka wa pili wa Gitothua mama alianza kulalamika kichwa, nyuma kwenye kisogo, na kizunguzungu akiinuka. Nilimpeleka kliniki, presha ikakutwa juu. Daktari alimwandikia vidonge, akasema kwa kuwa nyumbani kuna mtu anayejua kupima, nimpime kila asubuhi na kumletea daftari kila mwisho wa mwezi. Sista aliniazima mashine ya zamani iliyokuwa imewekwa stoo. Nilitembea nayo nyumbani nimeikumbatia, nikijua ndani ya lile sanduku ndimo zilimo habari za kama mama yangu ataishi.

Zamu yangu ilianza mchana, kwa hiyo nilimpima saa tatu na nusu, kazi za asubuhi zikiwa zimeisha. Ndiyo ilikuwa saa ya ndege. Nilimkalisha kwenye kiti cha mbao, mkono wa kulia juu ya meza, nikahesabu dakika zangu tano. Nikipampu na ndege ikaja, nilitoa mipira masikioni, nikaachia hewa, nikangoja. Huwezi kusikia mshipa wa mtu chini ya injini mbili. Ikishapita nilimpa dakika tano nyingine kama nilivyofundishwa, kisha nikaanza upya. Pembeni mwa daftari niliandika herufi N, kwamba leo nimechelewa kwa sababu ya ndege. Siku nyingine zilikuwa N mbili, tatu.

Na namba zilikuwa nzuri. Wiki hadi wiki zilishuka, nami nilizikodolea macho kabla ya kulala kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Kila nilipofungua daftari kifua kilinibana, nikiona ni nzuri kinafunguka, na kesho yake kinabana tena. Mama alinicheka. "Wewe ndiye upimwe," alisema.

Jambo moja nililiona wala sikulitia maanani. Ndege ilipoanza kuja, hata kabla mimi sijaisikia vizuri, mkono wa kushoto wa mama uliondoka pajani mwake ukaenda hewani, upande, ukabaki umekunja vidole. Siku moja nilimuuliza anashika nini.

"Nazima mashine," alisema.

Akanieleza. Kiwandani mfumaji hasikii kelele, anasikia kelele ikibadilika. Mashine ikibadilisha sauti, mkono unatakiwa uwe umeshafika kwenye chuma cha kuzimia kabla kichwa hakijafikiri, kwa sababu kile kibao chenye uzi kinachokimbia kushoto na kulia kinaweza kuruka nje. Mwenzake mmoja kilimtoa jicho. "Masikio yamekufa," mama alisema, "lakini mkono bado uko kazini." Alicheka, nami nikacheka.

Mwisho wa mwezi wa nne daktari alilipitia daftari, akaridhika. Alimwambia mama, "Huyu mtoto wako atanipokonya kazi." Kisha akapunguza dawa: kidonge kizima kikawa nusu. Nilirudi nyumbani nikiwa na fahari, na usiku ule nililala bila kuamka hata mara moja.

Haikupita wiki tatu. Ilikuwa asubuhi, mama anafua nguo nje, mimi niko ndani nachambua mchele. Nilimsikia jirani akiita juu ya ua, "Mami, mami, uko sawa?" Nilipotoka nilimkuta mama amekaa chini kando ya karai, shati langu la kazi mkononi, mdomo umevutwa upande mmoja. Alikuwa akiniambia kitu, na maneno yalikuwa yakitoka bila miguu. Kama ndege ilikuwa imetoka kupita au la, siwezi kuapa. Nimejaribu kukumbuka miaka yote hii na siwezi.

Mume wa jirani alitupeleka Thika kwa pikapu yake, hadi hospitali kubwa. Njiani nilimshika mama mkono, nikimsomea kila aya niliyoijua na kuzichanganya zote. Kufika adhuhuri ulimi ulikuwa umeanza kurudi. Alasiri mdomo ulikaa sawa, na neno la kwanza alilosema wazi lilikuwa kuhusu shati langu, kwamba lina sabuni bado. Nililia mbele ya wagonjwa wote.

Daktari wa pale, kijana mwenye macho ya kuchoka, alisema presha ilikuwa juu vibaya sana na kwamba tumepewa onyo. Aliuliza, "Huyu mama anameza dawa kweli?" Nilimpa daftari. Alilitazama, akanitazama mimi, akalitazama tena. "Basi hapa kuna kitu si kweli," alisema.

Niliona yamebaki mambo mawili tu: ama mimi sijui kupima, ama mama ananidanganya. Nasema haya kwa aibu: nilichagua la pili. Siku tuliyorudi nyumbani, kabla hata hajapumzika, nilimwambia, "Mama, niambie ukweli. Dawa ulikuwa unazitupa wapi?" Nilifungua kabati lake, nikainua godoro, nikaangalia nyuma ya mtungi. Yeye alisimama mlangoni akinitazama.

"Kiwandani walinipekua langoni kila jioni," alisema, "wakifikiri nimefunga kitambaa ndani ya nguo. Miaka yote ile. Sikujua nitapekuliwa nyuma ya lango langu."

Nilihesabu vidonge kwenye chupa. Vilikuwa vile vile vilivyotakiwa kuwa, nusu moja haikupungua wala kuzidi. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, akaniambia niinuke, sakafu ni baridi. Alinisamehe mapema kuliko nilivyostahili. Lakini sasa hofu yangu ilikuwa haina pa kushika. Namba nzuri, dawa zimemezwa, na mama nusura afe. Nilianza kumfuata nyumba nzima. Akienda chooni nilisimama nje ya mlango mpaka akanifukuza. Akinyamaza kidogo nilimwambia atabasamu, nione kama mdomo umekaa sawa.

Ijumaa ile Sista alikuja kumwona mgonjwa, na sukari na mkate na maziwa ya pakiti mkobani, kama ilivyo desturi. Alikunywa chai, akamsikiliza mama, kisha akaniambia, "Hebu mpime nikuone." Ilikuwa kama saa nne. Nilimkalisha mama, nikangoja dakika tano, nikafunga kitambaa, nikapampu. Ndege ikaja. Nikatoa mipira masikioni, nikaachia hewa, nikakunja mikono.

"Mbona umewacha?" Sista aliuliza, mabati yaliponyamaza.

"Ndege, Sista. Sisikii."

"Na huwa unafanya hivyo?"

"Kila siku. Ulisema nisipime kwa kelele."

Aliomba daftari. Alifunua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, bila haraka. Akaweka kidole pembeni. "Hizi N ni za nini?"

"Ndege," nilisema. Na nilipolitamka lile neno nilianza kuogopa, kabla sijajua naogopa nini.

Sista alivuta kiti chake karibu na mama. Alifunga kitambaa upya, akaweka vidole vyake viwili kwenye kifundo cha mkono, pale mshipa unapogusika. "Leo hatutumii masikio," alisema. "Wewe weka macho kwa zebaki. Nikitingisha kichwa, soma." Tukakaa. Sikumbuki kama nimewahi kuingoja ndege nikiitaka ije. Kuku wa jirani alipita mlangoni akatutazama.

Ilikuja moja ya zile kubwa. Mkono wa kushoto wa mama ulikwenda hewani. Sista alipampu mpaka mshipa ukapotea chini ya vidole, kisha akaachia polepole. Nilikuwa nategemea zebaki ishuke hadi mahali ninapopajua. Mshipa uliporudi akatingisha kichwa, na zebaki ilikuwa bado juu sana ya pale. Nilisoma namba, kisha nikaisoma tena.

Tulimpa mama dakika tano za ukimya, Sista akapima tena kwa vidole: ilikuwa namba ya daftari langu, nzuri, ileile iliyonilaza usingizi. Tukangoja ndege nyingine. Juu tena. Alirudia mara tatu, na mama aliyekuwa anatusoma nyuso akauliza, "Kwani nimekufa?"

"Hujafa, mama," Sista alimwambia, akihakikisha anaona midomo yake. "Sisemi ni ndege peke yake. Kuna umri, kuna chumvi, kuna hiyo miaka yote ya kiwanda. Lakini mwili wako unasikia. Wewe husikii, mwili unasikia. Kila ikipita inakukimbiza, na ukikaa hapa inapita mara ngapi?" Kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza nilimwona Sista akikosa pa kuweka macho. "Na sisi tulikuwa tunamwandikia akishapumzika. Mimi ndiye nilikufundisha kungoja."

Alipoondoka nilikaa na lile daftari. Kila ukurasa ulikuwa na N zake, kwa mwandiko wangu mzuri. Zilikuwa pale wakati wote. Niliziandika pembeni, mahali pa usumbufu, na kwenye mstari nikaandika habari njema.

Daktari wa kliniki alirudisha kidonge kizima na kuongeza kingine. Habari ya ndege aliicheka kidogo, lakini alisema ikiwezekana mama akae mahali patulivu. Shangazi wa Majengo alikuwa na chumba alichojaza magunia, akasema atakitoa. Mama hakutaka kusikia. "Nirudi kupanga? Kwa sababu ya nzi wenye injini?" Nilimletea pamba ya masikio. "Pamba naijua," alisema, "nimeifuma, siivai." Nilibembeleza, nilinuna, nilitishia kuacha kazi nikae naye. Nilikuwa sina raha kazini. Ndege ikipita juu ya kliniki nilihesabu ni sekunde ngapi mpaka iwe juu yake.

Kilichombadilisha si mimi. Asubuhi moja nilitoka bafuni nikamkuta amesimama katikati ya chumba, ufunguo wa lango mkono wa kulia, na wa kushoto umekwenda hewani, vidole vimekunjwa. Nje kulikuwa kimya. Nilisikiliza, hakukuwa na ndege yoyote.

"Mama, haijaja," nilimwambia.

"Najua haijaja." Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, akaushusha kwa mkono wa pili. "Nimechoka kuzima, mwanangu. Mwambie shangazi yako atoe yale magunia."

Huko Majengo mama alipata nafuu. Kama ni dawa au ni ukimya, hakuna aliyeweza kuniambia kwa hakika. Viwanda jirani navyo vilikuwa vimenyamaza, kimoja baada ya kingine. Alipimwa mchana, alipimwa jioni, kwa masikio na kwa vidole, na namba hazikuachana sana. Aliishi miaka mingine mingi. Nyumba ya Gitothua tuliipangisha, na hakuwahi kwenda kuitazama.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ya kuhama. Pikapu ya jirani ilikuwa imejaa, kiti cha mbao kimefungwa juu kabisa. Mama alikuwa langoni anafunga kufuli, nami nilikuwa nikimweleza atakaa mbele na dereva, asipigwe na upepo. Ndege ikaja. Nilinyamaza katikati ya maneno, kwa mazoea, nikasimama nikingoja ipite ndipo niendelee. Alinitazama usoni muda wote ule. Mkono wake wa kushoto ulikuwa hewani.

"Ndivyo ulivyokuwa ukifanya," alisema ilipokwisha. "Unangoja ipite."

"Ndiyo, mama."

Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetaka kujua njia.

"Na mimi wakati huo nilikuwa nangojea wapi?"

Nilichukua ufunguo kutoka mkononi mwake, nikamshika kiwiko apande gari.